Kifaa cha Mapigo ni Kizima. Je, Msuli wa Moyo Nao?

Watumiaji wengi wa kifaa cha kurekebisha mapigo, ambacho watu hukiita betri ya moyo, hutoka kliniki wakiwa wametulia baada ya kuambiwa kwamba betri haijaisha na nyaya ni salama. Habari hizo ni njema, lakini hazitoshi. Ukaguzi huo huonyesha hali ya kifaa. Hauonyeshi nguvu ya msuli wa moyo.

Kwa nini msuli hudhoofika?
Katika moyo wenye afya, umeme wa asili huzifikia chemba mbili za chini karibu kwa wakati mmoja, nazo hujikaza pamoja. Waya wa kifaa, kwa kawaida, huwekwa katika chemba ya chini ya kulia. Umeme ukianzia hapo, upande wa kushoto huchelewa, mithili ya wapiga makasia wasiopatana: chombo husogea, ila kwa jasho jingi. Hali hiyo ikidumu miezi au miaka, moyo wa baadhi ya watumiaji hupungukiwa nguvu ya kusukuma damu. Hatari huongezeka pale kifaa kinapoanzisha zaidi ya asilimia 20 ya mapigo.

Dalili
Kuchoka upesi, kuhema kwa kazi ndogo au unapolala chali, miguu kuvimba, na uzito kuongezeka kwa siku chache. Tunakusihi usizihesabu kuwa ni uzee tu. Mwone daktari mapema.

Maswali ya kumuuliza daktari
1. Kifaa kinaanzisha asilimia ngapi ya mapigo yangu?
2. Kila pigo linasukuma asilimia ngapi ya damu iliyomo katika chemba ya chini ya kushoto, na kabla ya kifaa ilikuwa ngapi? Kwa kawaida ni kati ya 50 na 70.
3. Nitapimwa lini tena moyo kwa eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti?

Tiba ipo
Udhaifu huu mara nyingi hupungua ukigunduliwa mapema. Daktari aweza kubadili mpangilio wa kifaa, kukupa dawa, kuongeza waya wa upande wa kushoto, au kuupeleka waya kwenye njia ya asili ya umeme wa moyo.

Tahadhari
Usidai kifaa kizimwe, kwani kwa baadhi ya watu ndicho kinachowaweka hai. Hifadhi kadi ya kifaa pamoja na majibu ya vipimo vya awali, uende navyo kila kliniki. Bila kipimo cha jana, upungufu wa leo ni vigumu kuonekana.