Tableti ya Kuchorea: Itambue Hitilafu Kabla ya Kulipia Matengenezo

Mchoraji ameketi mezani kumalizia jalada la kitabu ambalo mteja atalichukua kesho. Jana kalamu yake iliutii mkono: akikandamiza, mstari ulinenepa, akilegeza, ulikonda. Leo kila mstari una unene uleule, kana kwamba anachora kwa kipanya. Amezima kompyuta na kuiwasha upya, na hali haikubadilika. Sasa anawaza mambo mawili tu: akope fedha anunue tableti nyingine, au aipeleke hii kwa fundi na kumwambia kwamba imekufa.

Huenda kifaa chake ni kizima kabisa. Mtumiaji asiyejua mahali ilipo hitilafu hulipia matengenezo yasiyohitajika, au hurudisha dukani kifaa kizima na kuonekana msumbufu. Mwingine hupata hasara ya upande wa pili: huambiwa kwamba tatizo ni kompyuta yake, akaamini, hadi muda wa dhamana ukamalizika ilhali kifaa kilikuwa kibovu tangu siku ya kwanza.

Katika somo hili, tableti ya kuchorea ni kile kibao bapa kinachounganishwa na kompyuta na kutumiwa pamoja na kalamu yake maalumu. Hatuzungumzii kishikwambi kinachojitegemea. Lengo ni kumwezesha mtumiaji kutambua chanzo cha tatizo kabla ya kutoa fedha, na kudai haki yake akiwa na ushahidi iwapo kifaa ndicho chenye kasoro.

Njia inayopitiwa na mstari

Mstari unaouona kwenye skrini hupitia vituo vinne. Cha kwanza ni kifaa chenyewe: kalamu, kibao na waya. Cha pili ni kiendeshi, yaani programu ya mtengenezaji inayoieleza kompyuta mahali ilipo kalamu na nguvu inayotumika kuikandamiza. Cha tatu ni mfumo endeshi, kama vile Windows au macOS. Cha nne ni programu ya kuchorea, mathalani Photoshop, Krita au Clip Studio Paint.

Kwa kuwa mchoraji huyaona matokeo katika kituo cha mwisho tu, ni rahisi kukilaumu kituo kisichohusika. Kwa hiyo vikague vituo hivyo kimoja baada ya kingine. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, jaribu kuchora, kisha andika ulichokiona. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja, hata akifanikiwa, hatajua kilichomponya.

Hatua ya kwanza: kifaa

Anza na waya. Zipo nyaya za USB zinazopitisha umeme tu bila kupitisha taarifa. Ukitumia waya wa namna hiyo, taa ya tableti itawaka lakini kompyuta haitatambua chochote. Tumia waya uliokuja na kifaa, uuchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanyishi, kisha ujaribu tundu jingine.

Fuata kalamu. Ncha yake ni kitu cha kulika na hubadilishwa. Iwapo mstari unatokea kabla kalamu haijagusa kibao, yumkini ncha imekwama ndani na kompyuta inadhani bado unakandamiza. Ichomoe taratibu, isafishe na uirudishe, au uweke mpya. Jihadhari pia na anayetaka kukuuzia betri: kalamu za tableti nyingi za sasa, zikiwemo za Wacom, hazina betri, kwani hupata nguvu kutoka kwenye uga wa sumakuumeme unaotolewa na kibao. Zipo zinazochajiwa, hivyo soma kwanza kijitabu cha maelekezo.

Iwapo mstari unatetemeka, sogeza mbali chaja, simu na vifaa vingine vya umeme vilivyo karibu na kibao, kisha ujaribu tena.

Kipimo cha mwisho cha kituo hiki ni kompyuta nyingine. Weka humo kiendeshi sahihi na uunganishe tableti. Ikifanya kazi vizuri, kifaa chako ni kizima na tatizo limo ndani ya kompyuta yako. Ikionyesha kasoro ileile, shaka inaelekea kwenye kifaa.

Hatua ya pili: kiendeshi

Watumiaji wengi hudhani kwamba kiendeshi ni kizima kwa sababu mshale unatembea kwenye skrini. Dalili hiyo haitoshi. Kompyuta inaweza kuichukulia tableti kama kipanya cha kawaida: mshale ukatembea, lakini nguvu ya mkono isisomwe na vitufe vya kalamu visiitike. Hali hii huweza kujitokeza baada ya mfumo endeshi kujisasisha, au pale kompyuta inapokuwa na viendeshi vya watengenezaji wawili, kwa mfano cha tableti ya zamani ambacho hakikuondolewa.

Ondoa viendeshi vyote vya tableti, zima kompyuta na uiwashe upya. Kisha pakua kiendeshi cha aina ya tableti yako kutoka tovuti rasmi ya mtengenezaji, kiweke, na uiwashe kompyuta upya kwa mara nyingine. Usikubali kiendeshi kutoka tovuti usiyoijua wala kutoka kwenye diski ya mtu, kwa maana programu ya aina hii hupewa mamlaka makubwa ndani ya kompyuta. Iwapo tableti ni ya miaka mingi, hakiki kwanza kama kiendeshi kipya bado kinaitambua, kwa kuwa huenda ikahitaji toleo la nyuma.

Kwa watumiaji wa macOS, kiendeshi huhitaji kupewa ruhusa katika mipangilio ya faragha na usalama. Pasipo ruhusa hiyo, kalamu haitafanya kazi ipasavyo ingawa kila kitu kimewekwa sawasawa.

Hatua ya tatu: mfumo endeshi

Katika Windows zipo njia mbili za kupeleka taarifa za kalamu kwenye programu ya kuchorea: WinTab, ambayo ni ya zamani zaidi, na Windows Ink. Ni kama watu wawili wanaopaswa kuzungumza lugha moja. Kiendeshi kikizungumza moja na programu ikasikiliza nyingine, mshale hutembea lakini mkandamizo hupotea.

Hilo ndilo lililompata mchoraji wetu. Kiendeshi kilisasishwa, na kisanduku cha Windows Ink katika mipangilio ya kalamu kikabadilika. Matoleo ya karibuni ya Photoshop hutegemea Windows Ink yasipoelekezwa vinginevyo, ilhali Krita na Clip Studio Paint humruhusu mtumiaji kuchagua mojawapo katika mipangilio yao ya tableti. Hakikisha pande zote mbili zinakubaliana, funga programu na uifungue upya. Kazi hiyo haimalizi dakika tano na haigharimu chochote.

Mfumo huohuo unaweza kuonyesha duara dogo kila unapoishikilia kalamu mahali pamoja, na mstari ukachelewa kuanza. Duara hilo ni amri ya kitufe cha kulia cha kipanya, nayo huzimwa katika mipangilio ya kalamu ya Windows. Ikiwa kalamu inagusa hapa na mstari unatokea pale, hasa unapotumia skrini mbili, rekebisha katika kiendeshi eneo la skrini linalolingana na kibao.

Hatua ya nne: programu ya kuchorea

Fungua programu ya pili na uchore humo. Krita inafaa kwa jaribio hili kwa kuwa hutolewa bure, na katika mipangilio yake kuna sehemu ya kuijaribu tableti inayoonyesha nguvu ya mkono kwa tarakimu. Mkandamizo ukisomwa huko na usisomwe katika programu yako ya kila siku, kifaa na kiendeshi havina lawama.

Chunguza basi brashi unayoitumia, kwa kuwa si kila brashi imepangwa kufuata nguvu ya mkono. Mstari ukichelewa kuifuata kalamu, punguza kiwango cha kulainisha mstari. Ikikubidi kuirudisha programu kwenye mipangilio yake ya mwanzo, hifadhi kwanza nakala ya kazi zako na brashi ulizojitengenezea, kwa sababu zinaweza kufutika.

Kifaa kikithibitika kuwa kibovu

Usikifungue mwenyewe wala usimpe fundi wa mtaani akifungue, kwani jambo hilo laweza kuiharibu dhamana yako. Kusanya risiti, kadi ya dhamana, kumbukumbu ulizoandika katika kila hatua, na video fupi inayoonyesha kasoro ikijitokeza kwenye kompyuta mbili tofauti. Peleka malalamiko kwa muuzaji kwa maandishi, ukitaja tarehe ya ununuzi na suluhisho unalolitaka: matengenezo, kifaa kingine au kurudishiwa fedha. Baki na nakala iliyosainiwa.

Katika baadhi ya maduka utakuta tangazo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Tangazo hilo halimwondolei muuzaji wajibu wake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na bidhaa anayouziwa inapaswa kuwa na ubora unaostahili na kufaa kwa matumizi yaliyokusudiwa. Muuzaji akikataa kukusikiliza, wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyote. Kwa upande wake, mlaji naye ana wajibu wa kusema kweli: ukigundua kwamba kosa lilikuwa katika mipangilio, usidai fidia ya kifaa kizima.

Maswali ya kujipima

1. Mshale unatembea lakini mstari haubadiliki unene. Ni vituo vipi utavikagua kabla ya kwenda dukani?
2. Tableti inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya rafiki yako. Je, una madai dhidi ya muuzaji? Eleza sababu.
3. Risiti yako iko wapi leo, na dhamana yako inakwisha lini? Iwapo huna jibu, lianze somo hili kwa kulitafuta.