Tukio na Jina la Tukio

Katika kusoma habari zilizoandikwa ng'ambo juu ya nchi yetu ya Kenya, yatupasa kutenga mambo mawili: tukio lenyewe, na jina lililopewa tukio hilo. Wengi wetu hukasirika upesi na kusema, "Huo ni uongo!" Mara nyingi si uongo.

Tutazame tarehe 10 Machi, 2012. Jioni ile magruneti yalitupwa katika kituo cha mabasi cha Machakos, mjini Nairobi, na watu wakafa. Hayo yalitendeka kweli. Lakini CNN, shirika la televisheni la Marekani, liliyatangaza chini ya maneno "Ghasia Kenya". Mtu wa Chicago, asiyejua ukubwa wa Kenya, angedhani Kisumu, Lamu na Eldoret nazo zinawaka moto, hali watu wa huko walikuwa sokoni wakinunua sukuma wiki.

Tena Julai 2015, Barack Obama alipokuwa akija kututembelea, shirika hilo hilo lilisema anakwenda kwenye kitovu cha ugaidi. Kelele zilikuwa nyingi, hata mwezi Agosti mkubwa wao mmoja, Tony Maddox, akafunga safari kuja Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta.

Hata hivyo tuseme haki. Watu 67 waliuawa Westgate mwaka 2013, na 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015. Mwandishi hakuota ndoto. Kosa lake ni kuona kidonda akakiita mwili mzima. Na kosa hilo lina gharama: mgeni akiahirisha safari, mpishi wa hoteli kule Diani hurudishwa nyumbani, na karo ya mwanawe haipatikani.

Liko jambo jingine, nalo halitatupendeza. Magazeti yetu nayo hupokea habari za Kongo kutoka Reuters ya London na AFP ya Paris. Goma ikishambuliwa, sisi twasema, "Kongo inaungua," na Kinshasa iko mbali na Goma yapata kilometa 1,500! Juzi niliwauliza wenzangu watano bwenini wanitajie mji mmoja wa Kongo wenye amani. Wanne walinyamaza. Wa tano akajibu kwa sauti kubwa, "Bujumbura," mji ambao uko Burundi.