SOMO LA FAMILIA: TUMTUNZEJE PAKA ALIYEUMIA?



Hapa Kansanga wengi wetu tunaishi chumba kimoja pamoja na unga na maharage yetu. Paka ndiye anayevilinda na panya, na kwa watoto wetu ni rafiki. Lakini barabara ya Ggaba iko karibu, na bodaboda hazilali. Paka akigongwa, mara nyingi kinachommaliza ni huruma yetu isiyo na maarifa. Tujifunze mambo matano.

1. Tujilinde kwanza. Paka mwenye maumivu huuma hata anayemlisha. Tumfunike kwa taulo nzito, kisha tumlaze ndani ya boksi. Akiuma mtu, tuoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, na mtu huyo aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa humpata paka pia.

2. Tujue dalili za hatari. Ufizi mweupe, kupumua kwa mdomo wazi, kuburuta miguu ya nyuma au kutokojoa siku nzima: hayo hayangoji kesho. Apelekwe kwa daktari wa wanyama. Chuo Kikuu cha Makerere kina kliniki ya wanyama wadogo. Tuulize bei kabla matibabu hayajaanza.

3. Tusimpe dawa za watu. Kidonge kimoja cha Panadol chaweza kumuua, kwa kuwa ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Ibuprofen na diclofenac ni sumu kwake pia. Tusimpake Dettol, maana atailamba. Kidonda kidogo tukisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kidogo cha chumvi katika nusu lita.

4. Apumzike. Nyonga iliyovunjika mara nyingi huhitaji wiki 4 hadi 6 za kutulia mahali padogo, penye kitambaa kikavu na beseni la mchanga. Watoto wasimbebe. Akianza kutembea, bado hajapona.

5. Ale. Tumpe maji safi na mukene iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi. Asipokula siku 2, tumrudishe kwa daktari, kwa sababu njaa huharibu ini lake.

Pengine daktari atasema hawezi kupona, na kwamba ni afadhali alazwe kwa sindano asiteseke. Kukubali si ukatili. Ila tusiwaambie watoto kwamba paka amekimbia. Watoto wetu wanawajua wengi waliopotea bila habari. Tuwaambie ukweli, tulie pamoja nao.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni dawa gani nyumbani mwetu zinazoweza kumdhuru paka?
2. Fedha zikiwa chache, tutaamuaje kama familia?
3. Mtoto anaweza kupewa kazi gani katika kumuuguza?