Somo la Nguvu na Haki Baina ya Dola: Maji ya Ziwa la Nyanza

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Jueni, ndugu zangu Waislamu, ya kuwa mwenye nguvu aweza kuandika mapatano, lakini wino haugeuzi dhulma kuwa haki. Mfano wake u mbele ya macho yetu hapa Mwanza.

Mwezi 7 Mei 1929 Uingereza ilipatana na Misri ya kwamba katika nchi alizozitawala Mwingereza isijengwe kazi yoyote juu ya mto wa Nili wala maziwa yake, itakayowadhuru watu wa Misri katika maji yao, illa kwa ridhaa ya Misri. Tanganyika ikatiwa humo, na wenyeji wasiulizwe. Mwingereza alitazama maslaha yake Misri na mfereji wa Suez. Kiu ya Msukuma haikuwamo katika hesabu.

MASALA: Je, ahadi hiyo yatufunga?

JAWABU: Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli iliyo sahihi ni kuwa mauzo ya fuduli, yaani auzaye mali ya mwenziwe bila ya idhini, ni batili. Akisema mtu, “Mwingereza alikuwa kama walii wa yatima,” twamjibu: walii haitumii mali ya yatima illa kwa maslaha ya yatima. Pimeni kwa mizani hiyo. Na mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilitangaza ya kuwa haifungwi na mapatano hayo, ila i tayari kuzungumza. Ilikataa dhulma, na mlango haikuufunga.

MASALA: Basi sisi tulio juu ya mto, tufanye tupendavyo?

JAWABU: Hasha! Zubeir bin Awwam alipogombana na Ansari mmoja juu ya maji ya mashamba Madina, Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zubeir anyweshe, kwa kuwa yeye yu juu, kisha ayaachilie yamfikie jirani. Wa juu ana haki ya kutangulia, hana haki ya kuzuia. Tulipoyavuta maji kutoka Ihelele mpaka Shinyanga na Kahama, tulitafuta maji ya kunywa, na hiyo ni haki. Lakini atiaye taka ziwani amdhulumu aliye chini, ajapokuwa hamwoni.

Mapatano mapya ya nchi za Nili yalifunguliwa Entebbe mwaka 2010, yakaanza kazi 13 Oktoba 2024. Tanzania imo, Misri na Sudani hazikutia sahihi. Basi mtihani sasa ni wetu: tulilolilaumu tulipokuwa wanyonge, tusilitende tupatapo nguvu.

Wabillahi tawfiq.