Mwandiko Ndani ya Chapa: Fonti Nyembamba ya Alfred Fairbank

Herufi za mlazo hazikuanza kama wasaidizi wa herufi wima. Mwaka 1501, mjini Venice, Aldus Manutius alichapa mashairi ya Virgil kwa herufi za namna hiyo, zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kufuata mwandiko wa wasomi wa Italia. Kazi ya kutenga mifano, majina ya vitabu na maneno ya kigeni ilikuja baadaye. Makala haya yanajadili fonti moja iliyoshindwa kazi hiyo, na manufaa yaliyobaki.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Monotype ya Uingereza ilikuwa ikitayarisha Bembo, chapa wima inayotokana na herufi za Griffo. Alfred Fairbank, bingwa wa mwandiko wa mkono, alibuni mlazo wake. Herufi zake zilikuwa nyepesi, zimebanana, na zilionesha wazi nyendo za kalamu ya ncha bapa. Zilipowekwa kando ya Bembo zilijitokeza mno. Monotype ikaipatia Bembo mlazo mwingine uliotulia zaidi, na ule wa Fairbank ukatolewa peke yake.

Sababu yaeleweka. Herufi za kutenga neno hazina budi kulingana na jirani zake kwa upana na uzito. Zikitofautiana mno, jicho husimama pasipo haja. Lakini sifa hizohizo hufaa pale ambapo fonti haina jirani: katika mwaliko, jina la kitabu na, zaidi ya yote, ushairi.

Kwa mhariri wa tungo za Kiswahili jambo hili si dogo. Mshororo wa tarbia wenye mizani 16 hugawanyika katika ukwapi na utao. Herufi pana katika ukurasa mdogo huusukuma utao mstari wa chini, na vina vya kati havionekani tena vikifuatana wima katika ubeti. Fonti nyembamba huweza kuuhifadhi mshororo mzima bila kupunguza kimo cha herufi.

Hata hivyo, wembamba una gharama. Mistari hafifu hufifia katika karatasi duni na katika nakala zilizorudufiwa, na kurasa nyingi mfululizo huchosha macho. Kwa hiyo fonti ya aina hii yafaa kupewa ubeti, na maelezo ya mhakiki yaachiwe herufi wima.