Vizimba vya Samaki Vikija Bangwe: Haki Yako ya Kuuliza

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Familia za Bangwe na Katonga, mjini Kigoma, zinaijua miezi ile. Sasa Serikali, kupitia programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora (BBT), inahimiza ufugaji wa samaki kwenye vizimba ili chakula kisipungue. Ni jambo jema. Ila mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki huzama, na vikioza huimaliza hewa ya majini. Aliyetundika nyavu kulinda ziwa ana kila sababu ya kuuliza: vizimba hivi nani anavikagua?

Je, mradi wa chakula umesamehewa sheria?
Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mradi unaohitaji tathmini ya athari kwa mazingira lazima uifanye kabla ya kuanza.

Naanzia wapi?
Nenda kwenye mkutano wa mtaa mradi unapojadiliwa, na uhakikishe hoja yako imeandikwa kwenye muhtasari. Kisha iandikie Manispaa ya Kigoma/Ujiji uombe kuona cheti cha tathmini, masharti yake na ripoti za ufuatiliaji. Chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016, unapaswa kujibiwa ndani ya siku 30. Baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.

Nikiona maji yamechafuka?
Andika tarehe, saa na mahali, piga picha, kisha toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha mwalo wako na afisa mazingira wa manispaa. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Usikate nyavu za kizimba cha mtu: hapo mwenye kesi utakuwa wewe.

Na mahakamani?
Kifungu cha 5 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinakuruhusu kushtaki. Mahakama inaweza kuzuia uharibifu, kuamuru ukaguzi wa mazingira, au kuamuru aliyeharibu arekebishe na kulipa fidia. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yako.

Usisubiri samaki waelee ndipo uandike. Barua inayotangulia kizimba ndiyo inayolinda ziwa.