Lugha Isemwayo na Msimbo: Mpaka wa Msaada katika Kanuni za Kozi ya Kwanza ya Uprogramu

1.0 Utangulizi

Kanuni za kozi ya chuo kikuu ni matini ambayo kwa kawaida haisomwi kama matini. Mwanafunzi huipitia haraka ili ajue tarehe za mitihani na mgawanyo wa alama. Mwanaisimu haitazami kabisa. Hata hivyo, katika kozi za kwanza za uprogramu wa kompyuta kanuni hizo zimebeba swali ambalo ni la kiisimu kabla ya kuwa la kinidhamu: maelezo ya kazi yanakoma wapi, na kazi yenyewe inaanzia wapi?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia kanuni za kozi moja, nayo ni CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, ambayo David J. Malan alianza kuifundisha mwaka 2007. Kozi hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kanuni zake zimechapishwa wazi na kwa kirefu. Pili, tangu 2012 imekuwa ikitolewa pia bila ada kupitia edX, na kwa hiyo kanuni za uaminifu wa kitaaluma zinamfikia hata mwanafunzi wa Dar es Salaam au Kisumu, ambaye kozi anaisoma kwa Kiingereza lakini mazoezi anaweza kuyajadili na wenzake kwa Kiswahili.

2.0 Matarajio

Mwanafunzi anayejiandikisha hatarajiwi kuwa amewahi kuandika programu. Huanza na Scratch, ambayo amri zake ni vipande vya kuunganishwa kwenye kioo cha kompyuta, kisha huingia katika lugha ya C na baadaye Python. Kozi inatangaza kuwa jambo la kuzingatiwa ni umbali ambao mwanafunzi amesogea kutoka pale alipoanzia, wala si nafasi yake kati ya wenzake. Kazi hupimwa kwa usahihi, usanifu na mtindo. Msomaji wa fasihi huenda akafurahi kulikuta neno hili la mwisho mahali hapa: programu inayotoa jibu sahihi lakini imeandikwa ovyo hupoteza alama, kwani mashine si msomaji wake wa pekee.

3.0 Kuonyesha na kuonyeshana

Kanuni ya uaminifu katika kozi hii imejumlishwa katika agizo fupi linalomtaka mwanafunzi asivuke mpaka wa busara, ikifuatwa na orodha ya matendo yanayokubalika na yasiyokubalika. Hata hivyo, tafsiri ya "busara" hairidhishi sana. Katika Kiswahili busara ni sifa ya mtu, na mara nyingi mtu mzima. Kinachopimwa hapa ni tendo. Neno "kiasi" linakaribia zaidi, kwa kuwa msaada wenyewe haukatazwi, bali kuzidi kwake.

Kiasi hicho kinaelezeka vizuri kwa vinyambuo vya kitenzi. Mwanafunzi aliyekwama anaruhusiwa kumwonyesha mwenzake programu yake ili asaidiwe kuitafuta kasoro. Haruhusiwi kuitazama ya mwenzake kabla hajakabidhi yake. Kuonyesha kunakubaliwa, kuonyeshana kunakatazwa. Vivyo hivyo, kumwelekeza mtu ni halali na kumwandikia ni haramu, ingawa katika mazungumzo ya kawaida matendo yote mawili huitwa kwa jina moja la kusaidia. Lugha ya mabweni ina "kupiga chabo" kwa anayeiba jibu kwa macho, lakini haina neno la lawama kwa anayelitoa kwa hiari, na yaelekea hapa ndipo wengi hujikwaa bila nia mbaya. Huenda kwa kulitambua hilo, mwaka 2014 kozi iliongeza kifungu cha majuto: aliyekosa akajieleza mwenyewe kwa wakuu wa kozi ndani ya saa 72 anaweza kunyimwa alama za zoezi husika, lakini hapelekwi mbele ya chombo cha nidhamu cha chuo, isipokuwa awe amerudia kosa.

4.0 Kilichomo kati ya maneno na msimbo

Kifungu chenye uzito zaidi kwa uchunguzi huu ni kile kinachoruhusu wanafunzi kujadiliana kuhusu mazoezi kwa Kiingereza au kwa lugha nyingine isemwayo. Kiswahili kimo ndani ya ruhusa hiyo. Chini yake kuna dhana ambayo haikutamkwa: kwamba aliyepewa suluhisho kwa maneno bado hajapewa suluhisho. Dhana hii inastahili kupimwa kwa mfano.

Chukua zoezi la kutafuta namba kubwa kuliko zote katika orodha. Mwanafunzi anaweza kumweleza mwenzake hivi: "Pitia namba moja moja; ukikuta iliyo kubwa kuliko ile uliyoishika, shika hiyo; ukifika mwisho, taja uliyo nayo." Maelezo haya ni kamili kwa binadamu. Kwa anayetakiwa kuyageuza yawe programu ya C yameacha angalau mambo matatu.

La kwanza ni kiambishi -ki-. Katika "ukikuta" kinaonyesha sharti linaloweza kutimia mara nyingi, mara moja, au lisitimie kamwe. Katika "ukifika mwisho" hakuna shaka yoyote: mwisho utafikiwa, na -ki- ni ya wakati. C haikubali umbo moja kwa kazi zote mbili. "Ukikuta" itakuwa tamko la sharti lililowekwa ndani ya mzunguko. "Ukifika mwisho" haitakuwa tamko la sharti la namna hiyo, bali itayeyuka katika kigezo cha kusimamisha mzunguko wenyewe. Hili si pungufu la Kiswahili. Msikilizaji huipambanua -ki- kwa muktadha bila kujua kuwa ameipambanua, na kazi ya anayejifunza uprogramu ni kukitoa nje kile anachokijua bila kujua.

La pili ni kirejeshi. "Ile uliyoishika" inachukulia kuwa tayari kuna kitu mkononi, lakini namba ya kwanza inapofikiwa hakuna kilichoshikwa. Mwanafunzi akiamua kuanza na sifuri, programu itafanya kazi vizuri katika majaribio mengi, mpaka siku itakapopewa -8, -3 na -5 na kujibu kuwa kubwa ni 0, namba ambayo haimo katika orodha. Suluhisho mojawapo ni kuanza kwa kuishika namba ya kwanza ya orodha yenyewe. La tatu ni "moja moja": kwa kuwa C huhesabu nafasi kuanzia 0, orodha ya namba 5 inaishia nafasi ya 4, na anayefika nafasi ya 5 amekwisha kutoka nje ya orodha.

Mambo haya matatu ndiyo kozi. Aliyepewa sentensi ile amepewa njia, na bado ana kazi yote ya kuitembea. Aliyepewa mistari kumi ya C amepokonywa kazi hiyo hata kama ataisoma na kuielewa. Kwa hiyo mpaka uliowekwa kati ya lugha isemwayo na msimbo haukuwa wa kubahatisha. Ulikuwa pia mpaka unaolindika: ulinganishaji wa programu kwa mashine, kama ule wa Moss uliotungwa na Alex Aiken mwaka 1994, hutambua mfanano wa muundo hata pale majina ya vigeu yanapobadilishwa.

5.0 Mashine inayopokea maneno

ChatGPT ilipotolewa kwa umma Novemba 2022, kilichoyumba ni dhana iliyotajwa hapo juu. Mashine ya namna hii, ikipewa sentensi ileile ya Kiswahili, inaweza kurudisha programu nzima, pamoja na uamuzi wa kuanzia namba ya kwanza na kuishia nafasi ya 4. Hatua ambayo zamani ilikuwa lazima mtu aitembee imefutika, na maneno yamekuwa njia ya kupatia msimbo. Mwanafunzi anaweza sasa kusema kwa ukweli kabisa kuwa alizungumza tu kwa lugha isemwayo, akawa amevunja kanuni yote.

Mwaka 2023 CS50 ilijibu kwa kukataza zana za aina hiyo zitolewazo na wengine, na kutoa ya kwake yenye sura ya bata. Chaguo la bata lina historia. Waprogramu wana desturi ya kumweleza bata wa mpira programu isiyofanya kazi, mstari kwa mstari na kwa sauti, kwa kuwa kasoro mara nyingi hujitokeza katika kueleza. Bata yule hakujibu kitu. Huyu mpya anajibu, lakini ametungwa ili amwongoze anayeuliza badala ya kumkabidhi jibu.

Inafaa kuzingatiwa kuwa katazo hilo limetaja zana kwa majina, na majina hubadilika kila muhula. Idara za Afrika Mashariki zinazoandika kanuni zao leo zingeweza kuanzia kwenye tendo. Kiswahili kina jozi ya kuelekeza na kuandikia, ambayo haijali kama mtendaji ni rafiki wa chumba kimoja au ni mashine. Kanuni inayomkataza mwanafunzi kuandikiwa ingewagusa wote wawili kwa neno moja. Kinachobaki kigumu ni ithibati, kwani aliyeandikiwa na mashine hana mwenzake ambaye programu yake inaweza kuwekwa kando ya ile ya kwake. Njia mojawapo ni mahojiano mafupi: mwanafunzi aketi na mwalimu, aulizwe kwa nini hakuanza na sifuri, na ajibu kwa lugha yoyote anayoisema.